Mgeni Hatoki Kabla ya Udi

Jumamosi, 19 Februari 2000. Ibra, Omani.

Siku ya thelathini ya ndoa! Hajar wangu kanipikia mandazi ya iliki, la mwisho kanilisha kwa mkono wake. Nikamwambia mandazi yale yangeweza kusimamisha vita. Akaniambia nifute sukari kwenye ndevu. Ah, sauti ile!

Kisha akatoa habari. Jumuiya ya wanawake, anakofanya kazi ya ukarani, inapokea wageni kutoka Chuo Kikuu cha Wanawake cha Hanamori, Japani. Profesa mmoja na wanafunzi wanane, wanakuja kujifunza namna wanawake wa Ibra wanavyosaidiana. Hajar ndiye mkalimani, maana kakulia Mwanza na Kiingereza chake kinatiririka kama maji ya mfereji wa falaji. Nikapiga makofi.

Halafu ikaja ya pili. Chuo kinataka mwanamke mmoja wa Ibra aende kwao Aprili, akae nao chuoni, awafundishe majirani wa chuo mapishi yetu na hina. Bi Ghanima, mwenyekiti, kamtaja Hajar. Wiki sita.

Wiki sita! Siku arubaini na mbili! Sisi wenyewe tuna thelathini tu!

Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Hajar anarukaruka kama mtoto wa Idi. Ipo fomu, na fomu ina mahali pa sahihi ya mume. Kaiweka juu ya meza ya kioo, chini ya chupa ya mafuta ya waridi. Akasema hanikimbizi, ila Ijumaa Profesa anaondoka nayo.

Sitamzuia. Mimi si mwanamume wa namna hiyo.

Nitakwenda naye.

Jumapili, 20 Februari

Nimekisoma kijitabu cha chuo hapa ofisini kwetu, idara ya maji, kamusi mkononi. Picha tamu. Miti yenye maua ya waridi mpaka njiani, wasichana juu ya baiskeli, maktaba ya ghorofa nne. Dakhalia: lango linafungwa saa tatu usiku, na mwanamume hapiti, awe baba, awe kaka, awe nani. Moyo ukanidondoka.

Lakini ukurasa wa mwisho! Mipango ya jamii! Kila Jumamosi chuo kinawafungulia majirani milango. Watoto wanasomewa hadithi, wazee wanafundishwa kompyuta, wanafunzi na watu wa mtaa wanalima bustani moja ya mboga. Wanawake kwa wanaume. Wanaume!

Basi mimi ni jamii.

Nimewaandikia faksi kujieleza kuwa ni jirani. Wakitaka kujua umbali wa kwangu na chuo, nimewajibu kabisa: kwa moyo, karibu mno. Sleyum, tunayekaa naye meza moja, kaisoma begani kwangu. Huyu kaoa mwaka wa kumi na moja. Akasema, yakhe, mke wake yeye akipelekwa Japani wiki sita, atambebea sanduku mpaka ndani ya ndege na kumfunga mkanda. Nikamwonea huruma. Wapo watu hawajapata kupenda.

Faksi za ofisini hupitia kwa mkubwa. Kwa hiyo nimetoa nambari ya Jumuiya, ambako Hajar ndiye anayepokea. Itamshtua kwa furaha. Akili hiyo!

Jioni nimefanya mazoezi ya kuinama Kijapani mbele ya friji. Friji limeshinda.

Jumanne, 22 Februari

Jibu limekuja. Limekuja saa ile ile Hajar alipotoka kwenda kuwapokea wageni. Faksi ikadakwa na Bi Ghanima, akaisomea kamati nzima, haluwa mdomoni.

Chuo kinamshukuru Bwana Yaqoob kwa moyo wake. Jirani, kwa kanuni zao, ni mtu anayeweza kufika kwa baiskeli. Hata hivyo lipo darasa la Jumamosi la waume waliostaafu. Wanafundishwa kupika wali na kupiga pasi, wasiwachoshe wake zao. Bwana Yaqoob anakaribishwa sana atakapotimiza miaka sitini.

Nina ishirini na sita.

Hajar kanisimulia huku kashika mbavu, machozi yanamtoka. Bi Ghanima kanitumia salamu: faksi kaitia kwenye faili, ataniletea mwenyewe mwaka 2034, inshallah, akiwa hai. Mama akauliza tunacheka nini. Akaambiwa. Akasema ikiwa pasi inafundishika, basi ya nini kungoja sitini, akanisukumia kapu la nguo.

Nimepiga pasi kanzu tatu. Sasa ni mbili na nusu. Lakini wakati wa chakula Hajar kanishika kidole chini ya kitambaa cha meza, Mama yupo pale pale! Ningepiga pasi kanzu elfu.

Kaniuliza habari ya fomu. Nimemwambia natafuta kalamu yenye wino wa heshima.

Jumatano, 23 Februari

Soko la Jumatano! Wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake, na mwanamume akionekana ndani hutazamwa kama mbuzi aliyeingia msikitini. Hajar anawapeleka wageni wake huko. Nikajitolea kuwa dereva. Nia yangu: kumpata Profesa uso kwa uso.

Asubuhi nilitazama buibui la Mama juu ya kiti. Nikaliacha. Mimi si mwehu. (Viatu vyake havinitoshi.)

Nikabaki nje na waume wengine, kila mmoja garini mwake, tumepangwa kama chupa za soda. Saa nzima. Kwa mbali nikamwona Hajar anawafasiria wasichana maneno ya muuza wanja. Mashallah, anavyosimama! Nikashuka, nikasogea kidogo nimwone vizuri. Nikasogea tena. Bibi wa wanja akanigonga goti kwa fimbo, akauliza kama nimefuata shumizi ya saizi yangu. Safu nzima ikaangua kicheko. Mwingine akasema aniletee ya rangi ya njano, itanikaa.

Hapo akaja Profesa Onodera. Bibi mdogo, miwani mikubwa, daftari halifungwi. Hakucheka. Akaniuliza, kwa Kiingereza cha taratibu, kama naridhia kuhojiwa: waume wa Ibra hungoja nje ya soko kwa muda gani? Nikamjibu, maisha yote. Akaandika. Akanipa peremende ya majani ya chai. Nikamwalika nyumbani Ijumaa baada ya alasiri, yeye na wasichana wake, kwa fuala yetu ya kahawa, tende na matunda. Kakubali!

Goti linauma. Moyo unacheza ngoma.

Alhamisi, 24 Februari

Mama kanijia juu. Wageni tisa, nami namwambia siku moja kabla! Akasema alinizaa Mji Mkongwe, nyumba yenye adabu, hajui akili niliokota wapi. Kisha akafunga kanga kiunoni na kushika ufagio, maana wageni ni wageni.

Hajar akamtuliza. Profesa huyu, akasema, kazisoma adabu zetu kitabuni na anazishika kuliko sisi wenyewe. Hasa ya udi. Mgeni hatoki mpaka chetezo kiletwe afukizwe, na akishafukizwa hakai tena. Baada ya udi hakuna kukaa, ndivyo Mama anavyosema siku zote. Jumatatu, kabla ya kuja Ibra, walikaribishwa nyumba moja Manah, wenyeji wakasahau chetezo. Profesa akakaa saa nne, mgongo umenyooka, mpaka mwenye nyumba akaona aibu akachinja mbuzi.

Mama akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Mimi nilisimama katikati ya ukumbi kama mtu aliyeuona mwezi.

Kesho saa kumi na moja basi linawachukua kwenda Sur, na kutoka huko ndiyo safari ya kwao. Lakini chetezo kisipoonekana, Profesa hatainuka. Asipoinuka, atanisikiliza. Akinisikiliza, nani awezaye kunikatalia?

Nimelala usingizi mtamu wa mchana, kama mshindi.

Ijumaa, 25 Februari

Naandika kwa shida, kidole kina lengelenge.

Walifika saa kumi kamili. Jozi tisa za viatu mlangoni, zote zimegeuzwa zitazame nje. Mama akamimina kahawa. Profesa alitikisa kikombe baada ya cha tatu, ishara ya kutosheka, kama kitabu kinavyosema. Wasichana wakasahau. Mama akamimina, wakanywa. Akamimina, wakanywa. Wao wanaona haya kukataa, Mama anaona haya kuacha. Kikombe cha kumi na moja, mmoja akaanza kutetemeka. Kikombe kikatikisika, Mama akakichukua. Wenzake wakaona. Wote wakaanza kutetemeka.

Katika ghasia hiyo nikapenya jikoni. Chetezo kile pale, majivu juu. Nikadhani ya jana. Kwa usalama nikachukua na kikopo cha udi, ule wa Mama anaoukata kwa kucha. Nikavitia vyote kwenye kabati letu, nyuma ya joho langu la harusi, kikopo juu ya chetezo ili visichukue nafasi. Kifuniko hakikukaa sawa. Nikasema, ah.

Nikarudi, nikakaa mbele ya Profesa, nikatoa hotuba. Hajar akafasiri. Nikasema ndoa mpya ni mtende mchanga, hauhamishwi nusu. Nikasema nitalima mboga, nitawasomea watoto hadithi, nitalala kwa bawabu. Hajar hakuruka neno, masikio yake yameiva. Wasichana wakaweka mikono kifuani. Profesa akauliza najua kazi gani. Nikasema kusoma mita za maji. Akaandika.

Saa kumi na moja ikafika. Basi linapiga honi. Mama jikoni anafungua na kufunga milango, anaziuliza kuta ni shetani yupi kachukua chetezo. Profesa katulia kama mnara. Ushindi! Kisha akaweka kalamu, akainua kichwa, akasema labda, labda, ipo njia moja…

Hapo moshi ukaingia.

Kwanza utepe mwembamba. Halafu wingu. Udi wa mwaka mzima! Harufu ya peponi! Profesa akafumba macho, akauvuta moshi kwa viganja mpaka kwenye mtandio wake. Akasimama. Wanane wakasimama. Wakainama, wakashukuru, wakatumbukiza miguu kwenye viatu vilivyokwisha kuijua njia. Nikawakimbilia napiga kelele kwamba ule si udi wa kuagia, ule ni ajali! Profesa akaniinamia kutoka dirishani. Basi likaondoka.

Joho lina tundu la ukubwa wa sahani. Nililizima kwa mikono. Mama kashika kikopo kitupu, anakiita majina ya marehemu.

Hajar hakupiga kelele. Kakaa kitandani na fomu mapajani, tupu pale pa sahihi yangu. Akaniuliza neno moja tu: nataka asiende? Akasema Mwanza alikuwa wa kwanza darasani, akitaka ualimu, kisha wakahamia huku na mambo yakaishia hapo. Hajapata hata siku moja kusimama mbele ya darasa. Nikimwambia kaa, atakaa, na hatanilaumu.

Hatanilaumu! Hilo ndilo lililonichoma kuliko makaa.

Nikatia sahihi. Wino wa kawaida. Alama ya dole gumba imebaki pale, nyeusi kwa masizi. Kisha tukaruka garini tukaifuata barabara ya Sur, Hajar kashika fomu nje ya dirisha ikauke. Mimi nalia, yeye anacheka, au kinyume chake. Basi tulilipata kituo cha kwanza cha petroli. Vikombe kumi na moja! Wasichana wanane wamepanga foleni ya choo, wanaruka mguu mmoja mmoja.

Profesa akaipokea fomu kwa mikono miwili. Nikamuuliza ile njia moja ni ipi. Akasikitika. Mazungumzo ya kabla ya udi, akasema, hayafai kuendelezwa baada ya udi.

Hilo hata Mama hajapata kulisikia. Labda limo kitabuni.

Jumamosi, 8 Aprili

Hajar kaondoka Jumatano. Siku tatu. Nimekonda. Mama anasema nimenenepa.

Leo faksi yake ya kwanza! Imekuja ofisini, ikapita kwa mkubwa, kisha Sleyum kaisoma kabla yangu na kunisimulia mwisho wake, hasidi yule. Chumba chake cha dakhalia ni kidogo, dirisha linatazama ile bustani ya mboga. Maua ya miti yanamwangukia kichwani akienda maktaba. Bawabu wa lango ni mzee, Hajar humwamkia shikamoo, naye keshajua kujibu marahaba. Darasa lake la kwanza walikuja majirani thelathini, wote kwa baiskeli, wakiwemo waume watatu wastaafu ambao mandazi yao yalitoka kama mawe. Anasema alisimama mbele yao kashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Kisha akauachia.

Sentensi hiyo nimeisoma mara kumi na saba. Sleyum kanipa kitambaa chake, akasema nisikirudishe.

Na ile njia moja! Profesa kamwambia: Jumapili tarehe 7 Mei ni siku ya wageni. Ndugu wote wanaruhusiwa kupita langoni, hata waume, asubuhi mpaka jioni. Hajar kaandika: siku moja tu, mume wangu, jioni unatoka. Kapigia mstari mara mbili. Anasema anajua ninachowaza.

Hajui. Likizo nimeomba, tiketi ipo. Mama kanipa chetezo kipya na udi kidogo nimpelekee Profesa, maana vitu hivyo huko kwao havipatikani. Havipatikani! Nikambusu mkono Mama mara tatu, akaniuliza kama nina homa.

Kwa sababu safari hii Profesa ndiye mwenyeji, mimi ndiye mgeni. Na mgeni hatoki kabla ya udi.

Chetezo hakisafiri. Nimekificha kabatini, nyuma ya joho lenye tundu, na kikopo juu yake. Mama alikuwa kakijaribu asubuhi, lakini majivu yalionekana ya baridi kabisa.