Harusi ya Nusra Juu ya Kaseti Yangu

Queensbury, London
Jumatano, Juni 1999

Kwako Shangazi Jokha, Stanmore,

Shikamoo, na pole na magoti. Sisi huku wazima wote isipokuwa mimi. Naandika kwa heshima na adabu zote kulalamika kwamba Jumapili, ulipokuja kwetu kunakili video ya harusi ya Nusra iliyoletwa kutoka Unguja, ulichukua kaseti yangu ukamwoza Nusra juu yake.

1. Kaseti ilikuwa na maandishi. Unasema hukuyaelewa. Shangazi, nimeandika wazi kabisa USIFUTE, kwa Kijapani, nilichojifunza mwenyewe kwa kitabu cha laibreri. Ningeandika vipi tena?

2. Ndani yake mlikuwa na kipindi cha mwisho cha shujaa wangu, yule mwanafunzi wa sekondari wa Kijapani anayevaa kofia ya chuma akapigana na madude. Rafiki yangu Komal ana binamu yake Osaka, ndiye anayetutumia kaseti. Sasa Jumamosi hii nina mdahalo na Hemant, nyumbani kwao Kenton, mbele ya kilabu chetu kizima. Yeye anatetea mashujaa wa kipindi kingine, wale watano wa nguo za rangi rangi. Eti nao wanafunzi! Dude likitokea, wote watano wanaomba ruhusa ya kwenda msalani kwa mpigo mmoja, na mwalimu anasema haya, nendeni. Mwalimu gani huyo? Mtihani hawajafanya hata mmoja! Kwao shule ni mlango wa kutokea tu. Kwa shujaa wangu shule ndiyo vita yenyewe: dude ni mwalimu wa hesabu, anapigwa jioni, asubuhi anapelekewa homuweki, na anasahihisha kwa haki! Hemant ananiambia, "Ushahidi huna, Miska, una mdomo tu." Nikishindwa, yeye ndiye mwenyekiti, na mwaka mzima tutatazama watu wa msalani.

3. Ushahidi wangu ulikuwa mahafali. Shule nzima imekaa kimya, shujaa kapanda jukwaani, kashika kofia waone uso wake kwa mara ya kwanza, anainyanyua, anainyanyua... anatokea Nusra! Kafunuliwa shela, kapakwa wanja, na mama mmoja anapiga vigelegele mpaka spika inakoroma.

4. Na kumwonyesha Hemant hasara hii siwezi, maana ni ukumbi wa wanawake, wamevua mabuibui, naye mwanamme. Yaani hata ushahidi wa kwamba ushahidi wangu umefutwa sina.

5. Basi naomba Nusra aachike kwa wema, aolewe tena, mume yule yule, sina kinyongo naye, arikodiwe kwenye kaseti nyingine. Likiwa zito hilo, uje wewe Kenton ukae kiti cha mbele, uape kwamba kabla ya kufuta uliuona uso.

Nisalimie Bwana Harith, nisalimie majirani, hata Hussam aliyekushikia waya za video ulipokuwa ukinakili, nisalimie.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, mwenye hasira na adabu kwa pamoja,
Miska

N.B. Jana Lila na Komal wa kilabu chetu walikuja nikawaonyesha uharibifu. Kofia inanyanyuka, paa! Nusra! Lila kapiga ukelele, Komal kalia, tukairudisha nyuma tena na tena. Hemant nimemhadithia kwa simu tu. Kasema, "Wangu wanakwenda msalani tu. Haya, mwenyekiti ni wewe." Kwa hiyo kaseti usiiguse, Nusra asiachike, na ile sehemu ya pili ya harusi uliyobaki nayo ilete upesi. Wasichana wanataka kujua kama bibi harusi atacheka.