Viroba Juu ya Bati

Jumatatu, 4 Novemba

Kimbunga! Redio imesema asubuhi. Kimo baharini, kinaelekea pwani, wananchi wachukue tahadhari. Mimi ni mwananchi. Nimeanza kuchukua.

Mke wangu, Mama Violeth, kauliza bahari iko wapi na Mwakitolyo iko wapi. Kasema kutoka hapa hadi pwani mtu analala kwenye basi. Nimemjibu upepo haukati tiketi. Karudi kwenye sufuria lake. Nadhani nimemshinda.

Shida ni bati. Mabati yetu ni mapya, yanang'aa, na yamenunuliwa kwa ng'ombe wa mke wangu, yule aliyepewa na baba yake. Na baba yake, Mzee Mageni, anakuja Jumamosi kutoka Samuye kuona ng'ombe kageuka nini. Mke wangu kasema wazi: paa likiondoka, na yeye anaondoka, anarudi Samuye na baba yake na Violeth. Hatanii. Lazima paa libaki juu ya nyumba!

Jumanne, 5 Novemba

Nimepata! Viroba vya mawe juu ya paa. Mawe yako bure nyuma ya mashimo ya wachimbaji, yale ya kutupwa, yasiyo na dhahabu hata ya kuziba jino. Nimebeba kwa baiskeli mchana kutwa. Mgongo umekufa, moyo unacheza.

Nimevifunika kwa turubai ili Eustace asiige. Eustace ni jirani. Ana karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na ana nyumba ya bati jekundu ambalo hulitaja hata msibani. Kimbunga kikimvua hilo bati, atakuja kujibanza kwangu yeye na Generosa wake. Nitawapa mkeka. Nitamwambia pole sana, jirani.

Katokea uani, kauliza nimepandisha nini. Nikasema siku ikifika atajua. Kauliza mbona nimefunika. Nikasema vitu vya maana haviachwi wazi. Kaondoka bila kuaga. Wivu huo!

Alhamisi, 7 Novemba

Heshima! Watu wazima wananiamkia shikamoo. Muuza nyama kanifungia maini, kasema eti nisije nikamsahau. Bodaboda kanipeleka sokoni na kunirudisha, hataki hata senti. Hatimaye Mwakitolyo imemtambua mtu anayeona mbali. Nimetembea polepole ili wanione vizuri.

Jioni Marselino, dalali wa dhahabu, kanivuta pembeni. Kauliza kwa sauti ya chini mawe yale nimeyatoa shimo gani. Nikamwambia ni mawe tu. Akacheka, akanipiga bega, akasema mimi mjanja sana. Loo! Kumbe mji mzima unaamini nimeficha mawe ya dhahabu juu ya paa!

Mama Violeth kaniambia nitoke saa hiyo hiyo nikaseme ukweli. Nimetoka, nimesema. Jamani, mawe ya kutupwa, ya kuzuia upepo! Wamecheka hadi machozi. Muuza nyama kasema kila aliyepata husema hivyo hivyo.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimeamka na swali. Watu wote wale wanaweza kukosea? Marselino kazeekea kwenye mawe. Mimi nilisomea wapi hadi niseme hayana kitu? Nimepanda juu, nimelamba jiwe moja, nimeligeuza kwenye mwanga. Limemeta! Au lilikuwa jua.

Mke wangu kaniomba, kwa ule upole wake ninaouogopa, nisiguse kiroba hadi baba yake aje na aondoke. Lakini redio imesema kimbunga kimefia baharini. Basi! Hatari imekwisha, viroba vya nini tena? Alipokwenda kuchota maji nikavishusha vyote. Misumari michache imelegea. Si mingi sana.

Nimevipeleka kwenye karasha la Eustace, naye kanipokea kwa soda! Karasha limenguruma, watu wamejaa kuangalia, na mimi nimeketi kwenye kiti cha mwenye mali. Kichwani nimeshamchagulia Mzee Mageni koti.

Tumeosha unga wa mawe. Hakuna. Tumeosha tena. Hakuna kabisa. Marselino kaondoka kwanza. Muuza nyama kabaki, kauliza habari ya maini.

Ndipo upepo ukaja. Wala si kimbunga, ni upepo wetu tu unaotangulia mvua kila mwaka. Nikiwa nimeshika karai nikaona kitu kinang'aa kinapita juu yetu. Nikasema tazameni ndege ile! Ilikuwa bati letu.

Jumamosi, 9 Novemba

Tumelala kwa Eustace. Generosa katupa mkeka. Eustace kasema pole sana, jirani. Sikupata usingizi.

Mzee Mageni kafika asubuhi. Nimemwamkia nimeinama hadi kofia ikaanguka. Kaingia sebuleni kwetu, kaangalia juu, kaona mawingu. Kauliza kwa utulivu ng'ombe wake yuko wapi. Nikamwonyesha: kipande juu ya banda la mbuzi, vipande kwenye mihogo ya watu, vingine tunavitafuta. Hakucheka hata kidogo.

Mama Violeth kafungua begi lake. Mungu wangu, anaondoka! Nimesema mama, nisamehe, usiniache. Katoa nyundo. Kasema kabadili mawazo, ng'ombe wake yuko kwenye nyumba hii, hawezi kumwacha mikononi mwangu. Safari hii akiondoka mtu, nitakuwa mimi.

Jumapili, 10 Novemba

Tangu tutoke kanisani yuko juu anagongelea. Mimi nimeshika ngazi. Nimeruhusiwa ngazi tu.

Nikaona nitumie nafasi. Nimemweleza Mzee Mageni, kwa adabu zote, kosa lilikuwa wapi. Mawe yale yalikuwa ya juu juu! Dhahabu iko chini. Kinachotakiwa ni shimo letu wenyewe, na shimo linahitaji ng'ombe mmoja tu, hata yule wake mwekundu mwenye pembe iliyovunjika.

Mzee kanisikiliza hadi mwisho, hakunikatiza hata neno. Kisha kavua viatu, kapanda ngazi, kaokota nyundo ya pili na kuanza kugongelea kando ya binti yake.

Hakukataa! Kesho asubuhi namtafutia ng'ombe mnunuzi.