Sukari Isiyoliwa na Wadudu

Jumanne, 3 Juni

Kidoti wangu ana gego linaloanza kuoza! Daktari wa meno kalimulika na kitochi chake, kasema likizidi litang'olewa. Mtoto akanikaba shingo mpaka nikakosa pumzi. Nikaapa moyoni: hilo jino halitoki. Daktari kasema mswaki asubuhi na kabla ya kulala, pipi zipungue, na ipo sukari mbadala ambayo wadudu wa meno hawawezi kuila. Mengine aliyosema sikuyashika. Hiyo ya sukari niliishika.

Jumatano, 4 Juni

Nimeinunua. Nyeupe, tamu, sukari kabisa. Kikwazo ni mama mkwe. Nikigeuka tu, anamlambisha mjukuu wake sukari kwa kijiko. Nikimkataza atasema mimi nimezaliwa juzi. Basi sukari ya nyumba nzima nimeisukuma chini ya kitanda, kopo la jikoni nimelijaza mbadala. Kimya kimya. Jioni mama mkwe akaonja chai, akauliza mbona ulimi unapoa kama umepulizwa. Nikasema labda ni maji. Mume wangu akaomba kikombe cha pili, na cha tatu. Akili ninazo, jamani!

Ijumaa, 6 Juni

Mume wangu anashinda chooni. Kumbe ukiizidisha inaendesha. Imeandikwa kwenye pakiti, maandishi madogo kama sisimizi. Nimempikia uji, bila sukari yoyote. Kaniita mke mwema. Nimeona aibu, lakini kidogo.

Jumamosi, 7 Juni

Balaa. Nilisahau kabisa kwamba leo mama mkwe anakanda skonzi za kuuza, na sukari anachota kopo lile lile! Hamira haikutoa hata povu. Unga umelala kwenye beseni kama mgonjwa. Akasema mwenye duka kamuuzia hamira iliyokufa, akavaa viatu aende kumpasha mbele ya wateja wake. Mtu mpole yule, hana kosa. Nikaomba mvua inyeshe. Haikunyesha. Nikamkimbilia mama mkwe mlangoni, nikamwaga siri zote, ya chai na ya sukari iliyo chini ya kitanda.

Akavua viatu. Alirudi jikoni akalitazama beseni. Mwisho akasema, "Mwanangu, hamira nayo ni mdudu. Kama huyu kashindwa kuila sukari yako, hao wa kwenye jino wataiwezea wapi?"

Akacheka mpaka akaketi sakafuni. Nikalia, kisha nikacheka naye. Akataka sukari yake irudi akande upya. Ya Kidoti itakaa peke yake na bibi yake atailinda mwenyewe, hakuna kulambishana tena. Ila siku nyingine nimwambie kwanza. Nikaahidi kwa moyo wote.

Jumatatu, 7 Julai

Jino linabaki! Daktari kaliziba tu. Kasema kazi kubwa imefanywa na mswaki, sukari imesaidia. Mama mkwe hakumsikia, alikuwa anawasimulia wagonjwa wote habari za hamira. Kidoti kanionyesha kinywa njia nzima.

Nimefurahi mno. Kinachoniuma ni mama mkwe, hapati usingizi, maskini, na ni hiyo kahawa yake ya jioni. Dukani nimeona kahawa isiyokesheza mtu. Harufu ile ile, rangi ile ile. Nimeshaimimina kwenye mkebe wake. Nitamwambia akishaamka.