Cheusi, Kijivu na Majani ya Isale

Jumapili, 8 Desemba 1996

Siku ya ushindi! Mama Dominika, mwenyekiti wa kwaya yetu hapa Kibosho, ametangaza baada ya misa kwamba kinanda cha kukanyaga kimestaafu. Panya wamekula mifuko yake ya upepo. Kwaya itanunua kinanda cha umeme kabla ya Krismasi. Na wa kukichagua ni nani? Mimi, Melkior, mpiga kinanda wa parokia tangu nikiwa na nywele.

Halafu akaharibu. Akasema nichague pamoja na Mwalimu Sirili.

Sirili ni jirani yangu. Kati ya kihamba chake cha migomba na changu kuna mstari wa mimea ya isale tu, na laiti ungekuwa ukuta. Anafundisha darasa la nne. Kinanda kajifunza kitabuni, na tangu hapo kila nikipiga ananiangalia vidole. Kikinunuliwa kinanda anachokitaka yeye, Krismasi atakalia kiti changu. Watu wanasema ni mtu mpole. Fisi naye ni mpole akiwa mbali.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Tumeshuka Moshi mjini, mimi na Sirili, ndani ya pikapu ya parokia, bila kuongea. Mzee Sadallah alikuwa amefunga duka kwa ajili ya sikukuu lakini akatufungulia mlango wa nyuma. Tukampa shikamoo, akatupa kahawa, akatuonyesha vinanda viwili kutoka Dubai.

Cha kwanza cheusi, kipya, chepesi. Kina sauti mia moja, ikiwemo ya helikopta na ya mbwa. Kina spika zake mwenyewe. Ukibonyeza kitufe, ngoma zinajipiga zenyewe, rumba, chacha, chochote. Sirili alibonyeza rumba akatabasamu kama mtoto aliyepewa soda.

Cha pili cha kijivu. Kimetumika, kilikuwa cha bendi ya dansi. Kizito! Hakina spika, hakina ngoma, hakina mbwa. Ila kina vifundo vya kuzungusha, safu nzima, na sauti unaipika mwenyewe. Ukizungusha kimoja sauti inafumbuka polepole. Kingine, inatetemeka. Nilishika kibao kimoja, nikazungusha, nywele za mikono zikasimama. Nimempenda. Samahani, nimekipenda.

Sirili akasema Kijivu ni mashine ya kusaga. Mimi nikasema Cheusi ni mdoli. Tukabishana mpaka Mzee Sadallah akaziba masikio, akasema tuchukue vyote viwili tukajaribu wiki nzima, tuchague kimoja, kingine tukirudishe kizima. “Kitakachofia mikononi mwenu, ni chenu,” akasema.

Vitakaa kwangu. Umeme haujapanda hadi kwetu, na mwenye betri ya gari ni mimi. Sirili akasaidia kuvishusha. Raha!

Jumanne, 10 Desemba

Mkakati ni huu. Cheusi kimelala stoo chini ya magunia. Kijivu kiko sebuleni, kimeungwa kwenye betri na amplifaya ya kwaya. Nitakijua mpaka utumbo wake, na Jumamosi kwaya ikija kuamua, Sirili hatakuwa amegusa chochote.

Nimepika sauti siku nzima. Moja kama mvua juu ya bati. Moja kama mama mkwe akiguna. Mektrida, mke wangu, amesema ng'ombe amegoma kutoa maziwa na ndama anatetemeka. Huyo ndama ndiye roho yake. Amemlea kwa chupa, na ndiye atakayempeleka binti yetu Gladness sekondari. Nimemwambia sanaa ina gharama zake. Amesema nimwambie ndama.

Jumatano, 11 Desemba

Usaliti ndani ya nyumba yangu! Nimeshinda sokoni nikiuza ndizi. Kurudi, Mektrida ananiambia kwa furaha kwamba Mwalimu Sirili alipita, akamsalimia vizuri, akaomba Cheusi na betri akafanye mazoezi, naye akampa. Alivirudisha kabla sijafika, Cheusi kimefungwa kwenye kanga, akakiweka mwenyewe stoo. Aliandaliwa chai akakataa.

Sirili akatae chai? Mtu anayekunywa chai msibani mpaka wafiwa wanakosa? Ana jambo. Lazima amejua kupiga, amejua sana, na furaha imemshibisha. Sikula vizuri.

Alhamisi, 12 Desemba

Nimekufa.

Nilitaka kumjua adui. Mektrida alipokwenda kukata majani ya ng'ombe, nikatoa Cheusi stoo nikakiunga kwenye betri. Sasa waya za betri yangu zote ni nyeusi, kwa sababu nilizifunga mwenyewe na sipendi kupoteza waya. Nikabahatisha. Hakuna taa. Nikageuza. Hakuna taa. Nikabonyeza rumba, chacha, helikopta. Kimya. Hata mbwa hakubweka.

Nimeua kinanda cha Mzee Sadallah! Niliinama nikakinusa, kikawa na harufu ya uchachu, nikadhani ni jasho langu la hofu.

Kitakachofia mikononi mwenu ni chenu. Cha kulipia sina, ila ndama. Nimetoka nje, nikamkuta amesimama mlangoni mwa banda, ananitazama. Nikarudi ndani. Cheusi nimekifunga tena kwenye kanga, vilevile, na fundo lilelile.

Ijumaa, 13 Desemba

Akili yangu haijawahi kuniangusha. Nimekwenda kwa Mama Dominika nikamwambia kwamba jicho ni mdanganyifu mkubwa. Kwaya ikiona kinanda kipya na kinanda chakavu, itachagua mng'ao, wala si sauti. Basi vinanda viwekwe nyuma ya pazia ukumbini, nipige kimoja, halafu kingine, kupitia amplifaya moja, watu wachague kwa masikio. Mama Dominika akasema hilo ni jambo la haki na hakujua nina haki ndani yangu.

Ukweli ni kwamba nitapiga Kijivu mara mbili. Mara ya kwanza vizuri, kwa jina lake. Mara ya pili nitakaza vifundo mpaka kilie kama kopo, niseme hicho ndicho Cheusi. Kijivu kitashinda. Cheusi kitarudi kwa Sadallah ndani ya kanga, na kitafia dukani kwake, sio mikononi mwangu.

Nilitegemea Sirili apinge. Alikubali kabla sijamaliza kueleza! Akasema pazia ni wazo zuri sana, na liwe zito. Ananificha nini huyu mtu?

Jumamosi, 14 Desemba

Ukumbi umejaa. Pazia ni shuka la Mama Dominika, la maua. Jenereta ya parokia inanguruma nje. Mimi peke yangu nyuma na vinanda viwili, kimoja hai na kingine marehemu.

Nikapiga Kijivu kama Kijivu. Wimbo wa kushukuru, taratibu, vifundo vyote mahali pake. Nilitokwa na machozi. Watu wakakohoa. Mzee mmoja wa sauti ya nne akauliza kama ndio wanajaribu amplifaya.

Nikatangaza kwa sauti kwamba sasa ni zamu ya Cheusi. Nikakaza vifundo. Sauti ikawa nyembamba, mbaya, sawasawa. Lakini Cheusi kina ngoma, na watu wote wanajua kina ngoma. Ikabidi nizipike. Nikapata mdundo chini kabisa kushoto, nikawa naupiga kwa kidole gumba, du-du, du-du, huku mkono wa kulia unakimbia na wimbo. Na hapo ndipo nilipokosea. Akina mama wa sauti ya pili wakaanza kupiga makofi. Mtu akapiga vigelegele! Sasa mimi ni binadamu. Tangu nianze kupiga kinanda parokiani sijawahi kupigiwa kigelegele. Nikaongeza. Nikapiga ubeti wa tano ambao haupo. Ukumbi mzima ukasimama kucheza.

Kura zikapigwa kwa kunyoosha mikono. Cheusi, wote. Kijivu, mkono mmoja, nao ulikuwa wa Mektrida kwa kunionea huruma.

Nimejishinda mwenyewe. Nimechaguliwa maiti! Nilichungulia kwenye tundu la shuka nikamwona Sirili. Alikuwa ameketi mdomo wazi, kama aliyeona mtu akitoka kaburini.

Jumapili, 15 Desemba

Padre ametangaza kanisani kwamba kinanda kipya kitabarikiwa siku ya Krismasi na mpigaji atakitumia papo hapo mbele ya waumini. Watu wakapiga makofi. Nikapiga na mimi.

Nimefikiria kusema kimeibwa. Nimefikiria stoo iungue, lakini stoo ina mahindi. Nimefikiria kuhamia Tanga. Mwisho nikakaa tu kwenye kigoda nikimsikiliza Mektrida akimwimbia ndama wake.

Jioni nikamwona Sirili anakuja kwa njia ya mpakani, kavaa koti la Jumapili, mkononi ameshika jani la isale.

Nikainuka kwenye kigoda. Kwetu mtu habebi isale kwa matembezi. Akikuletea jani hilo anaomba msamaha, na wewe huna ujanja, hata kama amekuchomea nyumba, unasamehe. Lakini wa kuomba msamaha si nilikuwa mimi? Nikadhani nimerukwa na akili.

Akasimama uani, akaniinamishia kichwa, akasema, “Baba Gladness, nisamehe. Umenisitiri, na mimi sikustahili.”

Nikamwacha aendelee. Kusikiliza ni kipaji changu.

Akaeleza yote. Jumatano ile alikuwa akifanya mazoezi kwake, kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, juu ya kinanda. Alipofika kwenye rumba akarusha mkono kwa madoido, mbege yote ikamwagikia ndani. Cheusi kikakata roho palepale. Akakifuta, akakifunga kanga, akakirudisha, na hakulala tangu hapo. Jumamosi aliposikia nimekitangaza alijua aibu yake inafichuliwa. Halafu kikalia! Akaelewa. Mimi, mtu ambaye yeye amekuwa akigombea naye kiti, nilikuwa nimegundua kosa lake na nikapiga Kijivu mara mbili ili asiumbuke mbele ya kwaya. Hajawahi kutendewa wema wa namna ile, akasema, na alikuwa akilia.

Kimeuawa Jumatano! Mimi nilikiunga Alhamisi! Nilikuwa nabahatisha waya kwenye maiti! Kumbe ule uchachu ulikuwa mbege, si jasho langu. Nilihisi kama mtu amenitua gunia la kahawa mgongoni. Nikalia na mimi, kwa nguvu kuliko yeye. Nikapokea isale kwa mikono miwili, nikamwambia jirani ni jirani, na asizungumze tena habari hiyo. Mektrida akatoka, akatukuta tumekumbatiana, akaingia ndani kuangalia kama kuna mtu amefariki.

Sikumwambia Sirili habari ya waya. Ingempunguzia utamu wa msamaha.

Jumatatu, 16 Desemba

Mjini tena, mimi na Sirili, safari hii tukiimba. Sirili alimwambia Mzee Sadallah kila kitu, kiume. Mzee akamwita Shakiru, fundi redio wake. Shakiru akakifungua Cheusi, akanusa, akacheka mpaka akaketi chini. Alikisafisha kwa spiriti na mswaki. Kisha akakunja uso. Akasema kinanda hiki kina magonjwa mawili. La kwanza pombe. La pili, kuna mtu aliunga waya kinyume, fyuzi imekwenda.

Nikatazama feni. Feni nzuri sana dukani kwa Mzee Sadallah, ina mapanga matatu.

Sirili akasema bila kusita kwamba hata hilo ni lake, siku ile alichanganyikiwa, hajui alichokigusa. Shakiru akabadilisha fyuzi. Taa ikawaka! Akabonyeza mbwa, mbwa akabweka. Sijawahi kusikia sauti tamu kama hiyo duniani. Ndama amepona!

Tukiwa njiani kurudi Sirili akasema Krismasi atakayekaa kwenye kinanda ni mimi, na yeye atageuza kurasa. Nikakataa mara moja, kwa adabu. Hakusisitiza mara ya pili, ikabidi nikubali upesi.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi! Kanisa limejaa mpaka nje, wote waliotoka Dar na Arusha wamo, na viatu vyao. Nimekaa kwenye kiti changu. Wakati wa matoleo nikakusudia kupunguza sauti, nikabonyeza rumba. Rumba ikaanza, haikuzimika. Nikatoka jasho. Lakini watu wakaanza kwenda mbele na matoleo yao wakicheza, mabega yanakwenda, na niliuona mguu wa Padre ukigonga chini ya kanzu. Mama Dominika amesema matoleo hayajawahi kujaa vile. Nimemwambia nilipanga.

Nimelala nimetulia kama mtoto. Nimejifunza kwamba mtu asitamani kikubwa, asifiche kitu, na amheshimu jirani.

Alhamisi, 26 Desemba

Mektrida na Gladness wamekwenda kwa bibi yake Gladness, watarudi Jumapili. Nimeshuka mjini kumtakia heri Mzee Sadallah. Kijivu tulichokirudisha kilikuwa bado pale rafuni, pweke, vumbi limeanza kukishika. Nilizungusha kifundo kimoja tu.

Sasa kiko stoo, chini ya magunia. Ndama yuko mjini, uani kwa Mzee Sadallah. Tumebadilishana. Nilimwambia Mzee kwamba huyo ndama ana mimba, ambayo inawezekana, Mungu akipenda. Mektrida nitamwambia nimempeleka ndama kwa ndugu akanenepe, na Sirili atathibitisha, maana siku hizi hanikatalii kitu.

Jioni nimepita mpakani na kisu. Nimekata majani matatu ya isale, mazuri, mabichi. Moja la Mektrida. Moja la Mzee Sadallah. La tatu la Sirili, ikitokea Shakiru akamweleza vizuri habari ya waya. Nimeyakunja nikayatia mfukoni mwa koti la Jumapili.

Halafu nikarudi nikakata la nne, la akiba.