Njia ya Ma Felicitas

Jumatatu, 4 Agosti
Nimejiunga na wanaojitolea kuchora ramani ya mtandaoni hapa Hamugembe. Mwalimu wetu Alistidia ametufundisha: njia ni mstari, kibanja, yaani shamba la nyumbani, ni eneo, na kila kimoja hupewa lebo inayosema ni kitu gani. Rahisi. Nimechora njia ya kutoka jikoni kwetu hadi chemchemini. Marehemu mke wangu, Felicitas, ndiye aliyeikanyaga mpaka ikawa njia. Nimeipa jina lake. Lebo: njia ya miguu. Matokeo: vidoti, kama sisimizi. Jina halionekani mpaka uivute ramani karibu kabisa. Binti yetu Restituta anakuja tarehe 24 kutoka Muleba, kwa ibada ya mwaka mmoja. Nataka alione jina la mama yake bila kulitafuta. Nimebadilisha lebo: barabara kuu. Jina kubwa, safi! Hakuna atakayejua.

Jumamosi, 16 Agosti
Wamejua. Gari la bibi harusi, Noah, limefuata ramani ya simu, likakwama katikati ya migomba ya jirani yangu Lwakatare. Bibi harusi ameshuka, viatu mkononi. Tumesukuma wote. Lwakatare hakugomba. Amesema tu, "Ta Kahigi, mkeo alipita hapa na ndoo kichwani. Hakupita na Noah."

Jumatatu, 18 Agosti
Alistidia amefuta lebo yangu ya barabara kuu. Ameniandikia kwa upole kwamba lebo husema kilichopo ardhini, si tunachotaka kionekane. Nimekubali. Hata hivyo nimegundua kwamba majina ya maeneo huandikwa makubwa. Nimeuzungusha mstari, nikaunganisha mwisho na mwanzo. Sasa ni eneo! Lebo: ziwa.

Jumatano, 20 Agosti
Ziwa Felicitas limemeza nyumba ya Lwakatare, choo chake na kahawa aliyoanika. Ameniuliza kama akakate leseni ya uvuvi. Alistidia amekuja mwenyewe kutoka Maruku, akataka kujua sababu. Nimemweleza kwamba asubuhi nilikuwa namsikia Felicitas kabla sijamwona, anapanda kutoka chemchemini akiimba, na maji yanamchuruzika begani. Kisha akasema jina linaweza kubaki kwenye njia ya miguu, ilimradi ndilo wanalotumia watu wa hapa. Neno langu peke yangu halitoshi. Akamgeukia Lwakatare. Nikajua nimekwisha.

"Hiyo ni njia ya Ma Felicitas," Lwakatare akasema. "Muulize yeyote."

Jumapili, 24 Agosti
Ibada njema. Restituta ameivuta ramani karibu, akalikuta jina. Ametoka, akaishuka njia yote na viatu vyake vya kanisani, akakaa huko chini muda mrefu. Nimeridhika. Sihitaji zaidi.

Ila jioni nimeona kwamba uwanja wa ndege huonekana hata ramani ikisukumwa mbali mpaka Mwanza ionekane. Kibanja cha Lwakatare ni kirefu, tena kimenyooka. Nimeanza na mstari mmoja tu.