Chura Mmoja kwa Amri

Ofisi ya Utambuzi wa Vyura, tawi la mto wetu, ina fahari kuutangazia umma kwamba tatizo la vyura wanaofanana limekwisha. Kuanzia Jumatatu, viumbe visivyotofautishika kwa macho ya afisa aliyeketi vitahesabiwa kuwa kiumbe kimoja.

Amri hiyo niliitunga mimi, Jucilene, Mtambuzi Msaidizi mwenye cheti cha masomo ya jioni, huku nikimnyonyesha Rosilda. Neno "visivyotofautishika" lilinipendeza mpaka nikamsomea mtoto mara mbili.

Shida ilikuwa kinamasi cha nyuma ya ofisi. Akipatikana humo yule chura adimu, kinabaki. Akiwa ni yule wa kawaida tu, kinafukiwa, na mkurugenzi wetu, Daktari Valdecir, anapata maegesho ya gari lake. Nyumba yangu, iliyoinuliwa juu ya nguzo kinamasini, imesimama katikati ya maegesho hayo.

Kamati ilichunguza. Wote kahawia, wote wana milia, wote wamenuna; basi wote ni wa kawaida. Kwamba yule adimu hulia kama mlango usiotiwa mafuta, na mwenzake kama chupa inayogongwa, tuliona si jambo la kiofisi: vyura hulia jioni, nasi tunafunga saa kumi. Rosilda hulala akisikia mlango, huamka akisikia chupa, lakini yeye hana cheti.

Jirani yangu Zulmira, akigeuza chapati ya tapioka kikaangoni, aliniuliza kwa nini najibomolea nyumba. Nikamweleza kwamba kitaalamu siibomoi, naioanisha na maegesho.

"Haya, ioanishe. Ila kwangu usije kulala."

Jumatatu akaja mkaguzi kutoka makao makuu, Manaus, Bi Ivanilde. Akaketi. Mbele yake walikuwa Daktari Valdecir na naibu wake Osmarino: fulana zilezile za msituni zenye mifuko kumi, ambazo msitu hazijauona, kitambi kilekile, nywele zilizopakwa rangi ya kopo moja. Akaisoma amri yangu, akawatazama.

"Naona mkurugenzi mmoja," akasema. "Kiti kimoja kitolewe."

Daktari akanigeukia. Nikamjulisha kwa heshima kwamba kipengele cha rufaa nilikisahau. Akamrudia mkaguzi.

"Lakini mama, tusikilize tukiongea. Sauti yangu na ya huyu, wapi na wapi?"

"Kumbe sauti inahesabika?"

"Inahesabika kabisa, mama."

"Jucilene, andika."

Nikaandika kwamba sauti inahesabika, hata ya chura. Jioni hiyo kamati nzima, pamoja na mkaguzi, ilijibana barazani kwangu kusikiliza vyura, Daktari akiwa amekalia ndoo. Kinamasini mlango ukalia, ukajibiwa na mwingine, na Rosilda akasinzia. Daktari akafungua kinywa atoe maoni.

"Nyamaza, Daktari," Bi Ivanilde akamnong'oneza. "Wewe tumeshakutambua."