Malalamiko Dhidi ya Mkamwana Anayetaka Kuuona Mkono Wangu

Mbugani, Kyela
14 Agosti, 1994

Ndugu Mhariri,

Pole na kazi. Mimi ndiye mpiga gitaa wa ile kanda ya jazi na fanki mliyoisifia wiki mbili zilizopita katika ukurasa wenu wa burudani. Mpiga kinanda ni Doreen, mke wa mwanangu Patrick. Sifa zenu zimenivurugia nyumba, na naomba mnisaidie kuirudisha ilivyokuwa.

Kwa wasomaji wasio wa huku nieleze kidogo. Kwa mila yetu Wanyakyusa, mke wa mwanao hakutazami, hakai nawe chumba kimoja, wala halitamki jina lako. Wengi wameiacha. Hata mchungaji alinishauri niiache, nikamwomba ashughulike na Injili. Basi tulirekodi hivi: mimi sebuleni na gitaa, yeye barazani nyuma na kinanda cha betri alicholetewa na kaka yake kutoka Malawi baada ya biashara za mpakani kulegezwa. Katikati yetu tulining'iniza mkeka mlangoni, na redio ya kaseti tukaiweka chini yake. Tumetoa nyimbo saba bila kuonana uso. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jina. Doreen alipopeleka kanda Mbeya ikadurufiwe, mwenye duka alimuuliza mpiga gitaa anaitwa nani. Asingeweza kulitaja jina langu. Jalada likatoka limeandikwa "Doreen na Mwenzake". Nimepiga gitaa miaka thelathini katika bendi za dansi, na leo sokoni naamkiwa Mzee Mwenzake. Nakiri kwamba mila niliisisitiza mimi, ila sikudhani ingefika mpaka kwenye jalada.

2. Mwandishi wenu amesema tunajua kuachiana nafasi. Ndugu Mhariri, zile hazikuwa nafasi. Nilikuwa nasikiliza kama amemaliza, naye akisikiliza kama nimemaliza. Wimbo wa "Kokoa ya Ngana" una dakika kumi na nne kwa sababu hakuna aliyejua namna ya kumwambia mwenzake basi. Tuliacha kanda ilipokwisha. Na yale manyanga mliyoyasifia upande wa pili ni mvua juu ya bati.

3. Mimi ni mtu wa jazi, jazi ya kuvaa koti. Fanki aliileta Doreen, ameitoa kwenye kanda za kaka yake. Nilimtuma Patrick akamwambie apunguze. Jibu likarudi kwamba mbona mguu wa Tata, yaani baba, unasikika ukigonga sakafu. Nimesikiliza tena na kweli unasikika, hasa wimbo wa tatu. Mimi ni mzee wa kanisa.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Watu sasa wanataka kanda ya pili, na Doreen ametuma neno kwamba hapigi tena nyuma ya mkeka. Anataka tukae chumba kimoja auone mkono wangu wa kulia, la sivyo atakwenda Mbeya kwenye bendi ya hoteli iliyomwita. Akienda, muziki wangu umekwisha, maana peke yangu nilishapiga na hakuna aliyesimama kusikiliza.

Mwandishi wenu aliandika kuwa gitaa lina mtetemo ambao hajawahi kuusikia popote. Ni mkono unatetemeka, Ndugu Mhariri. Huu ni mwaka wa pili. Ajuaye ni mke wangu Tusekile tu, ambaye hunimiminia chai nusu kikombe na kusema sukari imepanda. Mila hii nilikuwa nimeanza kuilegeza. Niliikaza tena mkono ulipoanza. Naona aibu. Binti huyu ananisifu kwa watu, na sitaki aone kwamba anachokisifu ni uzee.

Kwa hiyo naomba mchapishe onyo kali kuhusu mila. Lisipotosha, andikeni kwamba kanda ile ni mbovu, ili bendi ya Mbeya imwache. Na hilo likishindikana, naiomba Serikali iliyoruhusu kila kitu ipige marufuku wapiga vinanda kutazama wapiga gitaa.

Wasalimie wapiga chapa, wauza magazeti wa stendi zote, na mwandishi wenu yule mwenye masikio kupita kiasi. Kwa lugha ya kwetu, ndaga fijo, yaani asanteni sana.

Wako mwenye kushika mila,
Reubeni Mwakabana (Mwenzake)

Nyongeza: Mwandiko wangu hausomeki siku hizi, nikampa Patrick barua ainakili. Patrick, mvivu wa kuandika tangu shule, akampa mkewe. Kwa hiyo yote uliyosoma, namba nne ikiwemo, yameandikwa na Doreen, isipokuwa jina langu nililoliandika mwenyewe. Alipomaliza alisimama nyuma ya mkeka akasema, "Tata, mkono wako nausikia unavyotetemeka tangu wimbo wa kwanza. Kinanda changu kinaufuata huo." Barua naituma kwa kuwa stempu nimeshabandika, lakini onyo usilichapishe. Jumamosi tunaanza kanda ya pili, sebuleni, na nimemwambia aketi upande wangu wa kulia, auone vizuri.